Mistari Minne ya Maelezo

Fomu inauliza: saa ya taarifa.
Naandika: saa nane na dakika kumi, mchana.
Siandiki kwamba nilikuwa nimepiga magoti
nikipaka rangi ubao wa onyo
uliolambwa na upepo mpaka ukasahau neno lake,
redio ikakohoa kiunoni:
mtu mmoja, mguu, chini ya barafu kuu.
Yuko peke yake.

Fomu inauliza: hali ya hewa.
Huku kusini mwa Chile upepo hauna hali, una tabia.
Rubani alijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvua kofia:
"Eduvina, leo siruki."
Basi ni miguu.

Watu wanane kwa machela moja, ndiyo kanuni.
Nilipata sita, nami nikiwemo:
Quidel, mgeni kazini, viatu vyake bado vinalia;
ndugu wawili wa kina Barría, wachunga farasi;
mwanafunzi aliyekuja kupima mawe;
na Rosendo, mpishi wa kambi,
aliyetoka na aproni yake, unga mikononi.

Tulimkuta ameketi wima
kama anayesubiri kuitwa jina.
Zenon Wilczak, miaka sitini na tisa.
Kifundo kimegeuka kutazama kilikotoka.
Nikafunga gango, nikahesabu mapigo, nikamuuliza tarehe kwa vidole.
Tarehe aliijua.
Katika lugha yetu alikuwa na neno moja tu, asante,
akalitumia mpaka likachakaa.

Kilomita tisa.
Mawe yanayoteleza, halafu mto, halafu msitu.
Kiangazi huku jua halina haraka,
lakini saa nne usiku nalo lilituacha.
Kila maumivu yalipopanda, mzee alifumba macho
akatamka kitu, polepole, kwa sauti rasmi,
kama anayeambia watu wengi.
Kisha kimya.
Kisha kingine.

"Anasali," akasema Rosendo, akaitikia: amina.
Tukaona haya kunyamaza peke yetu.
Ikawa desturi: yeye atamke, sisi amina,
tutue, tubadilishane mikono, tuinue.
Mtoni, maji kiunoni, alitamka neno refu kuliko yote
na amina yetu ikatoka ikigonganisha meno.

Fomu inauliza: waliojeruhiwa wakati wa uokoaji.
Naandika: hakuna.
Bega la Quidel halina sanduku lake.
Wala kucha zangu mbili.

Tulimkabidhi kwa gari la wagonjwa saa kumi alfajiri.

Siku ya tatu mkalimani akanipigia simu kutoka hospitali.
Mzee aliendesha tramu mjini kwao
miaka thelathini na minne, njia ile ile.
Zile hazikuwa sala.
Vilikuwa vituo.
Kiwanda cha Kamba. Shule ya Viziwi. Soko la Maua.
Na lile refu la mtoni:
Makaburini, Mlango wa Pili, shuka kwa uangalifu.
Anasema hajawahi kumwacha abiria
kati ya kituo na kituo,
akaona si vizuri kuanza na yeye mwenyewe.

Nilimweleza Rosendo. Alikuwa anamenya viazi.
Akamaliza kimoja, akachukua kingine.
"Basi amina yangu," akasema, "ilikuwa kengele."

Sanduku la maelezo lina mistari minne.
Nilitumia nusu ya mmoja:
Amebebwa. Amefika.

Fomu ilikwenda mjini kwa basi la Ijumaa.
Ila juzi, mvua ikichapa, redio ikakohoa tena:
mama na mtoto, wamepotea njia, wamepatikana, baridi imewaingia.
"Uko wapi?" nikauliza.
Quidel akajibu bila kucheka:
"Soko la Maua."
Pale hakuna soko, wala ua hata moja,
ni jiwe bapa na upepo.
Nikabeba mablanketi, nikaenda moja kwa moja.